Baiskeli ya milimani haisajiliwi kwa video

Shabiki yeyote aliyewahi kupanda basi kuifuata timu yake Mbeya anaijua Kitonga. Basi linapanda taratibu, kona juu ya kona, na upande wa pili yanashuka malori yaliyojaa mzigo. Dirisha likiwa wazi inaingia harufu ya breki zilizoungua. Dereva mzoefu hashangai. Anajua mlimani gari linaponea kwenye breki na gia, si kwenye rangi wala honi.

Mchezo wa baiskeli za milimani ulizaliwa na harufu hiyohiyo. Oktoba 1976, karibu na mji wa Fairfax, California, Marekani, kundi la vijana lilianza kushindana kushuka njia ya vumbi yenye urefu wa kilomita tatu na ushee, inayoporomoka karibu mita 400. Baiskeli zao zilikuwa mikweche ya chuma, mitumba mitupu, mingi yake ikiwa na umri kuliko wao wenyewe. Breki ilikuwa moja tu, ile ya ndani ya habu ya nyuma, ya kukanyaga pedeli kinyumenyume. Wakifika chini habu inatoa moshi. Grisi yote imeungua. Ilibidi waifungue, wajaze grisi upya, ndipo wapande tena. Mbio zile zikaitwa Repack, yaani kujaza upya, kwa sababu ya grisi hiyo.

Walichofanya na baiskeli zao ndicho kinachopaswa kusomwa na kila anayetaka kununua baiskeli leo. Hawakukimbilia stika. Gary Fisher, mmoja wa vijana wale, alifunga breki za ngoma, mikono ya breki ya pikipiki na gia za kumsaidia kupanda. Mwaka 1977 Joe Breeze akatengeneza fremu mpya ya kazi hiyo, kwa sababu fremu za zamani zilikuwa zinakatika. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikaingiza sokoni Stumpjumper, baiskeli ya milimani iliyotengenezwa kiwandani kwa wingi. Na haikuwa na shokapu. Shokapu za maana zilianza kuzoeleka kuelekea miaka ya 1990. Kwa zaidi ya miaka kumi watu walishuka milima kwa foku ngumu, na mchezo ukakua hivyohivyo.

Breki kwanza, gia zikafuata, kisha fremu. Shokapu mwisho kabisa.

Nusu karne baadaye mnunuzi wa Dar es Salaam, Arusha au Mwanza anaanzia mwisho. Anaingia dukani, macho yanagonga baiskeli yenye shokapu mbili, moja mbele na nyingine katikati. Imeandikwa gia 21. Ina stika za moto na jina ambalo fundi wake hajawahi kulisikia. Bei poa. Anaibeba fasta, anapiga picha, anaposti. Miezi mitatu baadaye baiskeli imeegeshwa nyuma ya nyumba, kuku wanalalia siti.

Mashabiki wa soka wanaujua ugonjwa huu kuliko watu wote. Ni uleule wa kusajili mchezaji kwa kuangalia video. Dakika tatu za chenga na mabao, muziki nyuma, hakuna pasi iliyopotea. Anapokelewa uwanja wa ndege kwa vuvuzela. Mechi ya nne yuko benchi, ya saba kocha anasema hana utimamu wa mwili, dirisha dogo likifunguliwa anatolewa kwa mkopo. Tofauti ni kwamba klabu inapoteza mshiko wa tajiri. Mnunuzi wa baiskeli anapoteza ada ya mtoto, na kwenye mteremko anaweza kupoteza meno au zaidi ya meno.

SHOKAPU NA HESABU YA GIA

Ukweli uko hivi. Shokapu nzuri ina vitu viwili: springi au hewa ya kupokea pigo, na mafuta ya kuituliza isirudi kwa kasi. Shokapu ya bei poa mara nyingi ina kitu kimoja tu, springi. Ikipokea jiwe inabonyea, halafu inarudi juu kama mpira uliodundishwa sakafuni. Kwenye kona ya changarawe mrudisho huo unalinyanyua tairi kutoka ardhini, na tairi lisilogusa ardhi halina kona wala breki.

Kingine ni uzito. Shokapu mbili za chuma zinaongeza kilo ambazo mpandaji atazibeba kila kilima. Akikanyaga pedeli, sehemu ya nguvu ya miguu inaishia kubonyeza springi badala ya kusukuma gurudumu. Baada ya muda maungio ya fremu yanalegea, yanaanza kulia, na spea hazipo. Kwa mwenye bajeti ndogo, foku ngumu au shokapu moja ya mbele iliyotengenezwa vizuri ni usajili bora kuliko shokapu mbili za maonyesho.

Hesabu ya gia nayo inadanganya wengi. Baiskeli za mabingwa wa dunia leo zina gia 12 tu, sahani moja ya meno mbele na friwili pana nyuma. Gia 21 si sifa. Kinachotakiwa ni gia moja nyepesi ya kutosha kupanda bila kushuka, na moja nzito ya kutosha kwenye tambarare, na zote zihame bila kuruka. Timu haihesabiwi kwa idadi ya wachezaji iliowasajili, inahesabiwa kwa kumi na mmoja wanaoingia uwanjani.

SAIZI NI NAMBA YA JEZI

Kosa la pili ni saizi. Watu wanauliza ukubwa wa tairi, hawaulizi ukubwa wa fremu. Ni sawa na kumpa beki mrefu jezi ya mtoto wa akademi kwa sababu namba mgongoni imekaa vizuri.

Kipimo ni rahisi na hakihitaji kifaa. Mnunuzi asimame huku bomba la juu la fremu likiwa katikati ya miguu yake, nyayo zote zikiwa chini. Kati yake na bomba ibaki nafasi ya sentimita 5 au zaidi. Ikikosekana, siku atakaporuka chini ghafla kwenye mawe ataelewa kwa nini. Kisha apande, aweke kisigino juu ya pedeli iliyoshuka chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Akianza kukanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limepinda kidogo. Huo ndio urefu sahihi wa siti kwa safari za kawaida.

Goti ndilo linalolipia siti iliyo chini. Vijana wengi wanashusha siti ili miguu yote ifike chini wakisimama, halafu wanalalamika kwamba baiskeli inachosha na inauma magoti. Daktari wa timu humpandisha mchezaji anayeuguza goti kwenye baiskeli ya gym kabla ya kumruhusu kukimbia, kwa sababu baiskeli haimpigishi mtu chini kwa uzito wake. Lakini hata huko gym kitu cha kwanza anachorekebisha ni siti. Shabiki anayetaka kupunguza kitambi kabla ya bonanza la wakongwe naye aanzie hapo.

Kuhusu magurudumu, saizi tatu zinatawala: 26, 27.5 na 29. Inchi 29 ndiyo fasheni ya sasa, na ina sababu. Gurudumu kubwa linapita juu ya jiwe na shimo kwa urahisi zaidi na likishika mwendo linautunza. Inchi 26 ndiyo ya zamani, imejaa kwenye mitumba inayotoka Japani na Ulaya, inageuka kwa wepesi na inawafaa watu wafupi. Hapa ushabiki uwekwe pembeni. Swali la kumuuliza fundi wa karibu kabla ya kulipa ni moja: "Tairi na tyubu za saizi hii unazo, au naagiza Dar?" Mtu wa Njombe au Kasulu mwenye gurudumu ambalo spea zake ziko Kariakoo pekee amesajili mchezaji asiye na kibali cha kufanya kazi.

VIPIMO VYA AFYA KABLA YA KUSAINI

Hoja inayoleta ubishi ni hii: kwa pesa ileile, mtumba mzuri wa kampuni inayojulikana mara nyingi unaishinda baiskeli mpya ya dukani yenye mbwembwe. Fremu yake ilichomelewa kwa viwango, habu zake zinafunguka na kupakwa grisi, na sehemu zake zinabadilishika moja moja. Baiskeli mpya ya bei ya chini kabisa mara nyingi imetengenezwa ili ifanane na baiskeli ya milimani ikiwa imesimama dukani.

Wapo watakaopinga. Watasema kipya ni kipya, kina risiti na dhamana, na mtumba hujui umetoka wapi. Hoja hiyo ina uzito, na mwenye pesa ya kununua baiskeli mpya ya kampuni ya maana asisite, akanunue. Lakini dhamana ya duka ambalo mwezi ujao limehamia kuuza majiko ya gesi ni karatasi tu. Na kutojua mtumba umetoka wapi kunatibika. Klabu makini haimsaini mchezaji bila vipimo vya afya. Mtumba nao una vipimo vyake, dakika kumi zinatosha.

Cha kwanza ni fremu. Ifutwe vumbi, ipitishwe jicho na kidole kwenye kila chomeo, hasa shingoni foku inapoingia, chini ya siti, na kwenye krenki. Ufa mwembamba kama unywele ni sababu ya kuondoka. Rangi iliyofura au iliyojikunja chini ya shingo inaonyesha baiskeli iligonga ukuta au gari. Hapo hakuna bei poa.

Cha pili, ringi. Baiskeli igeuzwe juu chini, gurudumu lizungushwe na macho yakae kwenye raba za breki. Ringi inayopiga chenga kidogo inanyooshwa na fundi kwa kukaza spoki. Ringi inayopiga chenga mpaka inagusa fremu ni ya kununua nyingine.

Cha tatu ni krenki na habu. Mkono wa krenki ushikwe na kutikiswa kulia na kushoto. Ukicheza, gololi zimekwisha au kikombe kimelegea. Gurudumu nalo litikiswe hivyohivyo. Kucheza kidogo kunarekebishika, lakini kukikoroma ndani kama kuna mchanga, bei ishuke.

Cha nne, breki. Mikono ya breki ikivutwa isifike kwenye usukani. Baiskeli isukumwe mbele huku breki ya mbele imekamatwa. Gurudumu la nyuma linapaswa kutaka kunyanyuka. Lisipotaka, hiyo si breki, ni kengele.

Cha tano ni mnyororo, nao una kipimo ambacho mafundi wengi wazuri wanakijua na wanunuzi wengi hawakijui. Inatosha rula ya mwanafunzi, upande wa inchi. Sifuri iwekwe katikati ya pini moja. Kwenye inchi 12 kamili pini nyingine inapaswa kuangukia hapohapo. Ikiwa imesogea mbele kwa 1/16 ya inchi, mnyororo umechoka, ubadilishwe. Ikiwa imesogea 1/8, huenda friwili na sahani za mbele zimeshaliwa meno, na mnyororo mpya utakuwa unaruka juu yake. Mnyororo ni kitu cha bei ndogo kuliko vitu vinavyouzunguka. Anayechelewa kuubadilisha anaishia kununua vyote vitatu.

GEREJI NDIYO KAMBI YA MAZOEZI

Baada ya kununua, wengi wanasahau. Baiskeli inapakwa oili siku ya kwanza, ya pili ni siku inapokatika. Hakuna timu inayofanya mazoezi siku ya fainali tu.

Matunzo hayahitaji pesa nyingi, yanahitaji mazoea. Kila baada ya safari ya vumbi au tope, mnyororo ufutwe kwa kitambaa kikavu kwanza, halafu tone moja la mafuta mepesi kwenye kila ungio. Pedeli izungushwe nyuma mara kadhaa na mafuta yaliyozidi yafutwe. Mafuta yanatakiwa ndani ya maungio, nje hayana kazi isipokuwa kukamata mchanga. Ndiyo maana oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini ya gari ni adui. Imejaa vipande vya chuma na masizi, na ikichanganyika na vumbi la Dodoma inakuwa msasa unaokula meno ya friwili usiku na mchana.

Adui mwingine ni mashine ya kuoshea magari. Maji yenye presha yanapenya kwenye habu, krenki na shingo, yanafukuza grisi na kuacha kutu. Ndoo, brashi na sabuni kidogo vinatosha. Baiskeli ikaushwe, mnyororo upakwe mafuta, basi.

Upepo wa matairi nao una ubishi wake wa kijiweni. Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo, si agizo. Tairi lililojazwa kama jiwe linaruka juu ya kila kokoto na kumchosha mpandaji. Lililo laini kupita kiasi linabanwa kati ya jiwe na ringi, tyubu inatoboka matundu mawili kama aliyeumwa na nyoka. Kwa baiskeli ya milimani yenye tyubu, watu wengi wanapata raha kati ya psi 30 na 40, mzito akipandisha, mwepesi akishusha, na kwenye mchanga kila mmoja anapunguza kidogo.

Pancha haichagui jina. Julai 2024, kwenye Michezo ya Olimpiki ya Paris, Mwingereza Tom Pidcock alikuwa anatetea medali yake ya dhahabu ya baiskeli za milimani. Katikati ya mbio tairi la mbele likapata pancha. Aliendesha hivyohivyo hadi eneo la mafundi, akabadilishiwa gurudumu, akarudi njiani akiwa amepoteza zaidi ya nusu dakika. Alimfukuza Mfaransa Victor Koretzky mbele ya mashabiki wa Ufaransa waliokuwa wanapiga kelele kama uwanja mzima una derby, akampita kwenye mzunguko wa mwisho na kuchukua dhahabu ya pili.

Watu walisifu miguu yake, na walikuwa sahihi. Lakini bila gurudumu la akiba miguu ile ingemaliza mbio kwa kutembea. Mpandaji wa kawaida hana eneo la mafundi. Benchi lake ni mfuko mdogo chini ya siti: tyubu moja, vijiko viwili vya kufungulia tairi, viraka, pampu na spana za kutosha. Anayekwenda porini bila hivyo ameingia mechi na wachezaji kumi na mmoja na benchi tupu.

KUBORESHA: ANZA PALE UNAPOFUNGWA

Kisha linakuja suala tamu kuliko yote, kuboresha. Hapa ndipo mshiko unapoungua. Mtu ana baiskeli inayopiga chenga, breki zinalia, mnyororo umelegea, na anachowaza ni shokapu mpya. Timu inayofungwa mabao matatu kila mechi haisajili winga. Inatafuta kipa na mabeki.

Mpangilio wenye akili unaanza na vinavyogusa ardhi. Tairi lenye meno yanayofaa njia anayopita mtu linabadilisha baiskeli nzima kuliko kitu kingine chochote cha bei hiyo. Anayekwenda kazini kwa lami siku tano na kupanda milima Jumapili hahitaji meno makubwa ya tope, yatamchosha siku tano ili yamfurahishe saa mbili.

Baada ya tairi ni breki. Waya mpya na ganda lake, pamoja na raba mpya, ni maboresho ya bei ndogo yanayohisiwa siku hiyohiyo. Mwenye uwezo anaweza kufikiria breki za diski, lakini aangalie kwanza kama fremu, foku na habu zake zina sehemu za kuzifungia. Diski za waya zinatengenezeka kwa fundi yeyote makini. Diski za mafuta zina nguvu zaidi na hazichoshi vidole kwenye mteremko mrefu, ila zina masharti. Breki za Shimano zinatumia mafuta maalumu ya madini. Fundi akiziwekea mafuta ya breki ya gari, mipira ya ndani inaharibika na breki inakufa, pengine katikati ya mlima. Na tone la mafuta ya mnyororo likiangukia diski, pedi zinakosa mshiko.

Baada ya hapo vinakuja vinavyogusa mwili: pedeli zisizoteleza, siti inayolingana na makalio ya mwenyewe, usukani wa upana unaomfaa. Gia zinafuata, na zibadilishwe zikichakaa, si kwa sababu jirani amebadilisha. Zikibadilishwa ziendane, kwa kuwa mnyororo wa gia 8 si wa gia 12, na swichi ya kampuni moja inaweza kugoma kuhamisha gia za kampuni nyingine. Shokapu iwe mwisho. Hata hapo, foku ndefu kuliko iliyotoka na fremu inanyanyua mbele ya baiskeli, inaharibu usukani na kuikamua shingo ya fremu. Kuna siku hesabu itasema wazi kwamba shokapu hiyo inakaribia bei ya baiskeli nzima. Siku hiyo ni ya kuuza na kununua nyingine, si ya kubandika injini ya basi kwenye bajaji.

FUNDI NI DAKTARI WA TIMU

Afrika Mashariki haina sababu ya kuona mchezo huu kama wa wazungu wenye pesa. Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017, alizaliwa Nairobi, na akiwa kijana alijifunza kwa David Kinjah, Mkenya ambaye karakana yake nje ya jiji imelea vijana wengi wasio na kitu. Pale kijana anafundishwa kupanda na kutengeneza. Baiskeli inafufuliwa kutoka kwenye vipande vya baiskeli nyingine.

Rwanda nayo ina hadithi yake. Tom Ritchey, fundi wa California aliyechomelea fremu za baiskeli za milimani tangu mchezo ulipokuwa mchanga, alifika huko mwaka 2005 na akavutiwa na namna wananchi walivyotegemea baiskeli, zikiwemo za mbao. Kutokana na mizizi hiyo ikazaliwa timu. Mwaka 2012 Adrien Niyonshuti alipanda baiskeli ya milimani kwenye Olimpiki ya London, akamaliza wa 39. Kwa mtu anayehesabu medali tu, 39 si kitu. Kwa Wanyarwanda ilikuwa sherehe, na Septemba 2025 Kigali ikapokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika.

Nchi hiyo haikufika pale kwa kununua baiskeli za gharama peke yake. Ililea wapandaji na mafundi pamoja, na kambi ya Musanze ikawa mahali pa vyote viwili. Hilo ndilo linalokosekana kwenye mijadala ya huku. Shabiki anayelipa kiingilio cha jukwaa kuu bila kupepesa macho anabishana na fundi wa chini ya mwarobaini kuhusu elfu mbili za kunyoosha ringi. Kisha anashangaa fundi anapokaza spoki tatu na kuacha ishirini. Klabu inayomlipa daktari wake kwa kusuasua isilalamike wachezaji wakirudi uwanjani wakiwa hawajapona.

Fundi akilipwa vizuri atanunua spana sahihi, atatafuta mafuta sahihi, na atathubutu kumwambia mteja asichotaka kusikia: kwamba fremu ina ufa, kwamba shokapu anayoitamani haifai, kwamba kinachotakiwa ni mnyororo na waya mbili za breki. Fundi mwenye njaa atamuuzia anachokitaka.

Na kwenye mteremko breki nzuri nayo inahitaji akili ya mpandaji. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa hiyo inavutwa kwa kidole kimoja au viwili, taratibu, pamoja na ya nyuma. Makalio yanarudi nyuma ya siti. Mwendo unapunguzwa kabla ya kona, si ndani ya kona. Helmeti inafungwa kidevuni, haining'inizwi kwenye usukani kama skafu ya timu.

Jumamosi hii watu watakaa vijiweni tangu asubuhi wakisubiri mpira wa saa kumi jioni, wakibishana nani aanze na nani akae nje. Katika saa zote hizo dakika ishirini hazikosekani. Baiskeli igeuzwe juu chini, ringi zizungushwe, rula ilazwe kwenye mnyororo, breki zikamatwe moja moja. Kilichokufa kiandikwe kwenye karatasi, na karatasi hiyo ipelekwe kwa fundi Jumatatu, kabla mtu hajaanza kuulizia bei ya shokapu.